Hakuna Rejeta Inayokunywa Maji

"Pikipiki za rejeta huwa zinakunywa maji. Wewe ongeza tu, safari iendelee." Maneno hayo niliambiwa na fundi ninayemheshimu, na kwa miezi minne niliyafuata. Kila Jumamosi nilikuta maji yameshuka kwenye chupa ya rejeta, nikaongeza, nikafunga, nikaondoka. Siku niliyopanda Kitonga kuelekea Iringa na mzigo nyuma, taa nyekundu ya joto iliwaka kabla sijafika katikati ya mlima. Jioni ile nilipofungua kifuniko cha oili, nilikuta ndani kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya kichwa cha silinda ilikuwa imetoboka, na kichwa chenyewe kilikuwa kimepinda. Kama ningeuliza mwezi wa kwanza maji yanakwenda wapi, ningebadilisha gasketi peke yake, na uharibifu usingefika kwenye chuma.

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa makini yanayosemwa vijiweni kuhusu maji ya pikipiki. Mengi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyapa maisha marefu. Nitayajibu moja moja, nikianza na lile linalosemwa na wengi zaidi.

"Pikipiki haina maji, hayo ni mambo ya magari." Kwa aliyeendesha bodaboda tu, ni kweli. Boxer, TVS HLX, Honda CG125 na zile nyingi za Kichina zilizoiga injini yake hupozwa kwa upepo. Silinda imezungushiwa mapezi ya chuma, hewa inapita kati yake pikipiki ikitembea, na joto linaondoka nayo. Hapo hakuna cha kukagua isipokuwa oili na usafi wa yale mapezi. Lakini Pulsar 200NS, KTM Duke, Honda CB500X na Himalayan ya cc 450 zinatumia maji, na vivyo hivyo guta nyingi za magurudumu matatu zenye injini ya cc 200 zinazobeba saruji na magunia ya mkaa mijini kwetu. Mwenye guta aliyezoea Boxer hukaa mwaka mzima bila kujua kwamba chombo chake kina rejeta, na hugundua siku kimeshachemsha.

Kuna mtego mwingine. Pulsar 220 na Himalayan ya zamani ya cc 411 zina kitu mbele ya injini kinachofanana kabisa na rejeta ndogo. Ndani yake hakuna maji, kuna oili ya injini inayopelekwa mbele kupigwa upepo. Nimeona mtu akizunguka pikipiki yake na kopo la kulanti, kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ya rejeta, akitafuta tundu la kumiminia. Njia ya kutambua ni hii: rejeta ya maji ina kifuniko cha kukandamiza na kuzungusha, na mpira mwembamba unaotoka shingoni kwenda kwenye chupa ya plastiki. Ya oili haina kifuniko wala chupa.

"Maji ni maji. Kulanti ni ya nchi za theluji, sisi huku ya bomba yanatosha." Hoja hii inastahili jibu refu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote wa kulanti. Tena ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwi barafu mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Makete haijui. Anayesoma maelezo hayo kwenye kopo ana haki ya kujiuliza yanamhusu nini mtu wa Mbagala.

Yanamhusu kwa upande wa pili wa kipimo. Ukiwa Dar es Salaam, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Ukipanda hadi Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 94, na kwenye miinuko ya Njombe ni chini zaidi. Injini nyingi za pikipiki kwenye foleni hufika nyuzi 100 kabla feni haijaanza kuzunguka. Kinachozuia maji yasichemke ni mambo mawili: kifuniko kinachoyakandamiza, na kulanti iliyomo. Kifuniko kikiwa kizima, mchanganyiko wa nusu kwa nusu huvuka nyuzi 125 bila kuchemka. Maji matupu, hata chini ya kifuniko hichohicho, yanakuwa yameshageuka mvuke. Na mvuke haupozi chuma. Povu la mvuke likikaa mahali pamoja kwenye kichwa cha silinda, chuma cha hapo hubaki bila kimiminika cha kukipoza, na ndipo kinapopinda.

Halafu kuna kutu na chumvi. Injini ya pikipiki ni aluminiamu kwa sehemu kubwa, na rejeta yake pia. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Anayeyaoga anajua sabuni haitoi povu. Chumvi hiyo huitoboa aluminiamu vishimo vidogo vidogo. Chokaa iliyomo kwenye maji magumu hufanya kile tunachokiona ndani ya birika la jikoni, gamba jeupe linaloganda ukutani, ila hapa linaganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, vyembamba kuliko mrija wa soda, mahali ambapo huwezi kuingiza kijiti kukwangua. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na gamba hilo. Ndiyo kazi yake kubwa kwetu, na ndiyo sababu vitabu vingi vya watengenezaji hutaka ibadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3 hata kama haijapungua tone: dawa huisha nguvu, rangi ikibaki palepale.

Ukikwama porini na maji ya kunywa ndiyo uliyonayo, yatie, usisite. Injini yenye maji ya kunywa inafika nyumbani. Injini kavu haifiki. Ila ukishafika, yamwage yote na utie mchanganyiko unaostahili. Na unapochanganya mwenyewe, nunua maji yaliyotoneshwa. Madukani mara nyingi huitwa maji ya betri, na hapo naomba uwe mwangalifu sana, kwa kuwa kuna wauzaji wanaotumia jina hilohilo kwa tindikali. Soma chupa. Tindikali ikiingia kwenye injini ya aluminiamu, umeipoteza.

"Nimeangalia chupa, imejaa, kwa hiyo rejeta imejaa." Kosa hili huwapata watu waangalifu, wale wanaokagua kweli. Wanaonyeshwa chupa iliyojaa wakati rejeta ni nusu tupu, na hawana kosa isipokuwa hawakuelezwa jinsi chupa inavyofanya kazi.

Injini ikipata moto, kulanti inatanuka. Ikizidi nafasi yake, inaisukuma springi ya kifuniko, inapita kwenye mpira mwembamba na kuingia kwenye chupa. Injini ikipoa, kulanti inanywea, panabaki nafasi isiyo na hewa ndani ya rejeta, na nafasi hiyo inavuta kilichotoka kirudi. Kifuniko kina valvu mbili, moja ya kutoa na moja ndogo ya kurudisha. Sasa fikiria valvu ile ndogo imeziba kwa tope la kutu, au mpira mwembamba umepasuka ufa usioonekana. Kutoka kunaendelea kila siku. Kurudi hakupo. Badala ya kuvuta kulanti, rejeta inavuta hewa kupitia ule ufa. Chupa inajaa, rejeta inapungua, na mwenye pikipiki anatazama chupa na kuridhika.

Dalili yake ni kwamba kiwango cha chupa hakichezi. Kwenye mfumo mzima, chupa iko juu kidogo injini ikiwa ya moto na inashuka kidogo ikiwa ya baridi. Chupa isiyoshuka kamwe inatia shaka kuliko inayoshuka. Mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla pikipiki haijawashwa, fungua kifuniko cha rejeta chenyewe uone kama kulanti imefika shingoni. Kwenye pikipiki nyingi kimefichwa nyuma ya plastiki za pembeni, na itabidi uzifungue. Fungua tu.

Na chupa yenyewe isomwe inavyopaswa: injini ya baridi, mahali tambarare, pikipiki imesimama wima. Ikilalia stendi ya pembeni, kimiminika kinakimbilia upande mmoja na alama hudanganya. Kama huna stendi ya kati, mwite mtu akushikie usukani. Mulika kurunzi nyuma ya chupa, maana plastiki ikizeeka huwa ya njano na hupati kuona mstari. Kiwango kiwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ukiongeza, usivuke ya juu. Ile nafasi inayobaki ndiyo ya kulanti kutanukia.

"Ikichemsha, fungua kifuniko upesi ipumue." Hapana. Sitaki kulizungukia hili. Ndani ya rejeta iliyochemsha kuna kimiminika cha nyuzi zaidi ya 100 ambacho kinazuiwa kugeuka mvuke na kile kifuniko tu. Ukikifungua, shinikizo linaondoka mara moja na sehemu ya kimiminika inageuka mvuke papo hapo, ikitoka kwa kishindo kuelekea uso, shingo na kifua cha aliyeinama juu yake. Kitambaa mkononi hakisaidii kitu. Kinalinda kiganja, si macho. Zima injini, sogea kivulini, subiri. Dakika 30 ni chache. Unapoweza kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo bila kukiondoa, ndipo ufungue, na hata hapo uzungushe taratibu mpaka kituo cha kwanza, usikilize kama kuna kinachovuma, kisha ndipo umalizie.

Wala usimwagie injini maji ya baridi ili kuiharakisha. Aluminiamu ya moto ikipigwa maji ya baridi upande mmoja hujikunja upande huo peke yake, na hupinda au kupasuka. Aliyekwishaungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno na ute wa yai visiguse kidonda.

Sasa nirudi kwenye lile lililoniunguza mimi: "Inapungua kidogo kidogo, ni kawaida, ongeza tu." Mfumo wa maji wa pikipiki umefungwa. Haufanani na oili, ambayo kiasi fulani hupenya kwenye ringi na kuungua pamoja na petroli. Upungufu mdogo wa miezi kadhaa, upana wa unyasi kwenye chupa, unaweza kuwa ni mvuke uliopita kwenye tundu la hewa la chupa. Upungufu wa kila wiki ni tundu linalovuja mahali fulani, na kazi yako ni kulitafuta kabla hujashika kopo.

Anza na yanayoonekana. Klipu za mipira hulegea; pitisha kidole chini ya kila kiungo asubuhi, na uangalie alama ya rangi iliyokauka kama unga wa kijani au wa waridi. Rejeta iko nyuma ya gurudumu la mbele, na barabara ya changarawe huirushia mawe. Tafuta pezi lililopinda lenye unyevu. Kisha piga magoti uangalie chini ya pampu ya maji. Wengi hawajui kwamba hapo pana tundu dogo lililotobolewa makusudi kiwandani. Sili ya pampu ikichoka, kulanti hutokea kwenye tundu hilo badala ya kuingia kwenye oili. Ni mjumbe. Nimekutana na mafundi wanaoliziba kwa gundi ya chuma ili "pasivuje tena," na kinachofuata ni kulanti kukosa pa kutokea na kuvuka upande wa oili. Tundu hilo halizibwi. Linapotoa maji, inabadilishwa sili.

Kama nje kote ni kavu na bado inapungua, basi inapungukia ndani. Washa injini ya baridi huku kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, uangalie shingoni. Mapovu machache mwanzoni si kitu. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukivuta moto, ni hewa ya mlipuko wa silinda inayopita kwenye gasketi iliyotoboka. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu, usiokwisha hata injini ikishapata moto, unasema jambo hilohilo. Na oili ya rangi ya chai ya maziwa, niliyokuta mimi siku ya Kitonga, ndiyo ushahidi wa mwisho. Ukiiona, usiwashe tena. Ivutwe kwa gari hadi gereji.

Niseme pia upande wa pili: si kila kuchemsha ni kupungukiwa na kulanti. Rejeta iliyozibwa na tope haipozi hata ikiwa imejaa pomoni, na feni iliyokatika waya haionekani mpaka uingie foleni ya Ubungo. Osha rejeta kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine za presha zinazotumika kuoshea magari hulaza mapezi yake yote kwa dakika moja, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo.

"Nchi hii ina joto, ng'oa thamostati." Hii ilitoka kwenye malori ya zamani na ikarithiwa bila kuulizwa. Thamostati ni mlango unaofunguka kulanti ikishapata moto, kwenye pikipiki nyingi katika nyuzi 80 na kitu. Ikikwama huku imefunga, ni kweli injini itachemsha, na kuing'oa kutaonekana kuponya. Lakini injini isiyo na mlango huo haifikii joto lake asubuhi. Kwenye pikipiki yenye kompyuta ya mafuta, kihisio kinaripoti injini ni ya baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na mwenye chombo anashangaa kwa nini lita hazitoshi. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli nao haupati joto la kuufukuza, unabaki ndani ya oili. Ukiishuku thamostati, ifungue, uitundike kwa uzi ndani ya sufuria usiyopikia tena, uchemshe maji taratibu. Ikifunguka, ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mawili ya haraka. Wanaosema "rangi zikifanana changanya" wajue kwamba rangi ni ya kutiwa tu, na hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kutumia kijani kwa dawa ya aina fulani. Dawa za aina mbili tofauti zaweza kuharibiana nguvu hata rangi zikifanana, na nyingine huganda kama uji. Fuata kitabu cha pikipiki na maandishi ya kopo: iwe ya injini za aluminiamu, na kama kitabu kinakataza silikati, isiwe nayo, kwa sababu hukwangua sili ya pampu. Na wanaotia kulanti kali bila maji wakidhani itapoza zaidi wanapata kinyume chake, kwani kulanti tupu hubeba joto kidogo sana kuliko mchanganyiko. Angalia kwanza kama kopo lako ni la kuchanganya au limeshachanganywa kiwandani. Kuchanganya mara ya pili ni kuidhoofisha kulanti. Ukimwaga yote na kujaza upya, acha injini iende polepole huku kifuniko kikiwa wazi, uitikise pikipiki kushoto na kulia mpaka mapovu yaishe, uongeze kinachopungua, ndipo ufunge.

La mwisho nililisikia kwa mama mmoja muuza vipuri, aliyekuwa akimimina kulanti kutoka galoni kubwa kwenda kwenye chupa za soda za nusu lita: "Haina shida, ni kama sharubati, hata inanukia." Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glikoli, na ethilini glikoli ni tamu. Mbwa huilamba sakafuni. Mtoto anayeona kitu cha kijani ndani ya chupa ya soda hana sababu ya kutokunywa. Aliyeinywa huonekana kwanza kama mlevi, kisha anaweza kuonekana amepata nafuu, huku ini likiigeuza sumu kuwa asidi zinazoua figo. Inatibika akiwahishwa hospitali mapema, na atatibiwa haraka zaidi kama mmefika na kopo mkononi. Msisubiri dalili.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeuza, wewe fundi, na wewe unayeweka lita moja iliyobaki chini ya kitanda: usiihamishie kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa siku moja. Iache kwenye kopo lake, lifunge, liweke juu mkono wa mtoto usipofika. Iliyomwagika sakafuni ioshe kwa maji mengi leo hii, na iliyogusa tairi ioshe kabla hujapanda, maana inateleza kama oili.